Wezi wa Mchana Kweupe

"Sinywi," ilisema pampu. "Haya ni ya mlimani. Yananuka ndizi."

Mama Nanzia akatua dumu chini, akashika kiuno. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu kuliko yeye mwenyewe, na kijiji kizima cha Ruvu kilijua kwamba akishika kiuno namna ile kuna mtu atapata maneno yake. Leo mtu huyo alikuwa pampu.

"Ndizi! Wewe ndizi umekula lini? Umefungwa hapa Same, kazi yako kuvuta maji ya mto, basi. Kunywa!"

"Sinywi."

"Kunywa nakwambia, mtoto mshenzi wewe!"

"Shikamoo mama," mtu akasema nyuma yake. "Hilo dumu umelitoa wapi?"

Mama Nanzia hakugeuka upesi. Sauti ile aliijua, aliizaa mwenyewe. Nakundwa alikuwa amesimama kando ya pikipiki yake ya betri, amevaa sare ya kijani ya Mamlaka ya Mafuta ya Kanda, na kwa cheo chake cha mkaguzi mkuu wa tambarare yote ya Upare, hakuna mtu duniani aliyepaswa kufichwa dumu lile kuliko yeye.

"Marahaba, mwanangu. Nimeokota."

"Umeokota petroli."

"Mungu akikupa utamwuliza stakabadhi?"

Wakulima wenzake, waliokalia madumu matupu kando ya mfereji, wakaangua kicheko. Walicheka, lakini macho yao yalirudi shambani. Vitunguu vilikuwa vimefika ule wakati wa kunenepa, ambao vikikosa maji siku chache tu vinanywea ardhini na mtu anavuna maganda. Mfereji ulikuwa mkavu. Majani ya pembeni yameshaanza kugeuka manjano nchani.

"Pampu," Nakundwa akasema kwa upole, "umesema kweli. Hayo si yako."

"Asante, Mkaguzi," pampu ikajibu. "Mama yako amenitukana."

"Nimesikia. Na mimi hunitukana."

*

Sasa, msomaji asije akadhani pampu za siku zile zilikuwa na akili za ajabu. Hazikuwa nazo. Kila injini ya petroli nchini ilifungwa kitu kiitwacho pua, kidude kidogo kama kifuniko cha chupa, kinachonusa mafuta kabla hayajaingia. Mafuta yakiwa ya kanda nyingine, pua inafunga mrija na injini inakaa kimya.

Mwanzoni pua zilikuwa zinawasha taa nyekundu tu. Watu wakazibandika plasta. Ndipo Mamlaka ikazipa sauti, tena sauti za watu wa hapohapo, kwa sababu taa unaweza kuidharau, lakini nani atamdharau mtu anayeongea kama shangazi yake? Mafundi walipita masokoni, harusini, misibani na vilabuni wakirekodi watu wakizungumza, miezi mingi, na pua zikajifunza humo. Za Same zikazungumza Kiswahili cha Kipare, za Marangu zikazungumza Kiswahili cha Kichaga. Kazi ikawa nyepesi. Watu waligombana na pua zao, lakini walizitii.

Na sheria yenyewe haikuwa ya kuonea mtu. Kule Marangu asubuhi ni baridi, injini hukataa kuamka, kwa hiyo petroli yao huchanganywa na pombe kali ya ndizi, kisha mwishoni hutiwa kiamshi, kimiminika chepesi kinachoshika moto hata kwenye barafu. Kitu kizuri sana mlimani. Kilete kwenye jua la Same kinaruka hewani kabla hakijaungua, kinageuka ukungu wenye rangi ya chai ya maji mengi, na ukungu huo unaingia vifuani. Ndiyo maana tambarare ilikuwa na mafuta yake, yaliyochanganywa na pombe ya mkonge, mazito, yanayotulia kwenye joto.

Nakundwa aliujua ukungu ule kwa kifua chake. Alipokuwa mtoto, mafuta yalipopungua, wakubwa walitoa ruhusa ya muda mafuta ya mlimani yashuke. Ilikuwa ya muda mfupi, walisema, na muda huo mfupi ukazaa watoto na wajukuu. Alikuwa akilala ameketi, mama yake anampepea kwa upande wa kanga, na pumzi inatoka kwa filimbi. Alipokuja kusoma ukaguzi wa mafuta, wenzake walidhani anataka gari la ofisi. Alitaka kupumua, na watoto wa Same wapumue.

Sasa mtambo wa mkonge wa Same ulikuwa umesimama. Mitambo ya kupoza iliharibika, chachu yote ikafa kwa joto, na chachu mpya ilikuwa bado inakuzwa. Maghala yalikuwa yamekauka. Simu ya Nakundwa ikalia palepale mferejini.

"Mkaguzi Mfinanga," akasema Mkurugenzi Rweyongeza, na uso wake mpana ukajaa kwenye kioo. "Nimekutumia ruhusa ya muda. Mafuta ya Marangu yashuke, pua za tambarare zifunguliwe. Sheria inataka kidole gumba cha mkaguzi wa kanda inayopokea. Weka kidole, jioni hii watu wako wanamwagilia."

"Yakiwa na kiamshi chake, Mkurugenzi?"

"Yakiwa kama yalivyo. Ndivyo sheria inavyoruhusu."

"Na hewa?"

Mkurugenzi akapumua kwa nguvu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyepigiwa simu nyingi tangu alfajiri. "Ni wiki moja tu, binti yangu."

Nakundwa aliwatazama wakulima. Alimtazama mama yake, ambaye safari hii alikuwa ameshusha mikono kiunoni, jambo lililomtisha kuliko yote.

"Nipe mpaka jua lizame," akasema.

*

Lori la tangi la ghala la Same lilikuwa la betri, na lilipanda mlima bila kelele. Nakundwa aliliendesha mwenyewe. Himo akaacha joto, akakata kushoto, na kadiri migomba ilivyozidi ndivyo alivyozidi kufunga vifungo vya shati.

Wazo lake lilikuwa rahisi, na ndilo lililokuwa likimuumiza kichwa. Kiamshi hutiwa mwisho kabisa. Kabla ya hapo, petroli ya Marangu inapumzika kwenye tangi la katikati, tulivu, nzito, haina neno na jua la mtu. Mafuta ya tangi la katikati yangeweza kushuka Same leo na yasimkoholeshe hata kuku. Lakini mtambo wa kanda hauruhusiwi kutoa mafuta ambayo si ya kanda yake. Kwa hiyo ilikuwa hivi: machafu yalikuwa halali, yaliyo safi yalikuwa haramu. Alilirudia jambo hilo njiani mpaka akaanza kucheka peke yake, cheko la hasira.

Pale getini alikuwapo Ndesario Temba, msimamizi wa mtambo, bonge la mtu, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi. Alipoona maandishi ya Same ubavuni mwa lori alipaza sauti ili yadi nzima isikie.

"Jamani, Wapare wamefika! Fungieni kuku, Mpare akiangaliwa vibaya na jogoo tu anafungua kesi!"

"Mnafungia kuku wa nani? Nyinyi kuku wenu mnawaona Desemba tu, mkirudi kutoka mjini!" Nakundwa akamjibu.

"Karibu, mtani." Akampa mikono yote miwili, maana Wapare na Wachaga ni watani tangu enzi za mababu. "Umekondaje hivyo? Au makande nayo sasa mnayaweka akiba?"

Wafanyakazi walikuwa wanacheka, na akina mama waliokuwa wakimenya ndizi bandani waliacha visu ili wasikie vizuri. Nakundwa alimweleza yote, mtambo, vitunguu, ruhusa inayosubiri kidole. Ndesario akaacha mzaha. Alivua kofia akaikunja mikononi.

"Tangi la katikati limejaa," akasema. "Hayo unayoyataka yapo, na yatawafaa, naapa kwa mama yangu. Lakini bomba linalindwa na Pua Kuu, si mimi. Nimeshaomba mara ngapi, mwaka wa ukame, mwaka wa mafuriko. Inadai kibali cha Mamlaka, na kibali hakijawahi kutungwa. Njoo usikie mwenyewe."

Pua Kuu ilikuwa juu ya bomba nene la shaba, pana kama sinia la pilau, na sauti yake ilikuwa ya mama mtu mzima wa sokoni.

"Karibu mgeni," ikasema. "Unataka nini?"

"Naomba mafuta ya tangi la katikati, ya kupeleka Same."

"Kibali?"

"Sina."

"Basi na mimi sina mafuta."

Nakundwa alieleza habari za kiamshi. Alieleza habari za vifua. Alisema kwa adabu, kwa vifungu vya sheria, kwa takwimu, na kila alipomaliza Pua Kuu ilimjibu neno lilelile, kibali. Mwishowe uvumilivu ukamkatika. Aliwaza majani yale ya manjano, akapiga bomba kofi, na kilichomtoka kinywani kilikuwa ni mama yake mtupu.

"Nyie Wachaga nyie! Mmekaa juu ya mlima huku mmeshiba mbege, mmekumbatia tangi utadhani mtazikwa nalo! Hata mkifa mtataka jeneza liwe na duka!"

Pua Kuu ikacheka. Ilicheka kicheko kipana, cha tumbo, mpaka bomba likatetemeka.

"Kumbe ni mtani!" ikasema. "Mbona hukusema? Unaingia kwa watu unaomba omba na vifungu vya sheria kama mteja! Mteja namdai kibali. Mtani anaomba tangu lini? Mtani anachukua."

Ndesario alimtazama Nakundwa. Nakundwa alimtazama Ndesario. Ikawajia wote wawili kwa pamoja. Mafundi walipokuwa wakirekodi watu harusini na misibani, waliondoa matusi, wakaondoa siasa. Utani hawakuuondoa. Nani angeuondoa? Kwao wote waliokuwa wakifanya kazi ile ulikuwa hewa tu, mtu haoni hewa. Na sasa pua zote za nchi zilikuwa zinajua kwamba mtani akija nyumbani kwako akabeba jogoo, unapiga kelele, unamtukana, unacheka, lakini humnyimi wala humshtaki.

"Mtani wangu," Ndesario akanong'ona, "kuna tundu kwenye sheria hapa linapita lori."

"Naliona."

"Chukua, uende. Mimi sijaona kitu. Hakuna atakayejua."

Nakundwa akageukia bomba. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye gurudumu la bomba. Akifungua kimyakimya, vitunguu vinapona, kifua cha mtoto wa mtu hakidhuriki, na kazi yake iko salama. Lakini yeye ni mkaguzi. Akiona tundu akalipita gizani, kesho atapita mwingine na kiamshi, kesho kutwa mwingine na kitu kibaya zaidi, na yeye hatakuwa na mdomo wa kumkataza. Akisema hadharani, watamfukuza, na huenda wakazifuta pua zote nchini zibaki na taa nyekundu.

"Pua Kuu," akauliza, "mtani akichukua, anachukuaje?"

"Mchana kweupe," Pua Kuu ikajibu mara moja. "Mbele ya watu. Kwa kelele. Na anachukua kinachomfaa tu, hafagii nyumba. Na siku sisi tukija kwake, hafungi mlango. Anayechukua gizani huyo si mtani, huyo ni mwizi."

Nakundwa akafumba macho kidogo, akayafumbua. Akatoa simu, akaiinua juu ili kamera ione bomba, watu na mlima wote.

"Mkurugenzi, shikamoo. Ni Nakundwa. Ruhusa yako siiwekei kidole. Niko Marangu, ninaiba."

"Unafanya nini?"

"Ninaiba, Mkurugenzi. Mafuta ya tangi la katikati, bila kiamshi, bila kibali. Lori moja la leo. Nimekupigia ili uone. Nitakuwa Ruvu kabla jua halijazama, ukitaka kunikamata utanikuta hapo."

Akazungusha gurudumu.

"Wezi!" akapiga kelele Ndesario kwa furaha isiyo na kipimo. "Wapare wanatuibia! Uuuwi, njooni muone!" Akina mama wa ndizi wakatoka na vigelegele, mmoja akamrushia Nakundwa ganda la ndizi likamkaa begani, mwingine akaimba wimbo wa kuwasuta Wapare ambao aliutunga palepale na ambao, kusema kweli, ulikuwa mzuri. Mafuta yakaingia tangini kwa mlio mnene. Pua Kuu ilikuwa bado inacheka lori lilipotoka getini.

*

Mkurugenzi Rweyongeza alikuwa ametangulia kufika Ruvu. Kitelezi cha Mamlaka, kindege kidogo cha betri, kilikuwa kimetua kando ya mfereji, na yeye alisimama juani na suti yake, kofia nzuri ya mkeka kichwani, kipima hewa mkononi. Jasho lilikuwa linamtiririka. Wakulima walikuwa wamemzunguka kwa heshima.

Nakundwa aliteremka, akamwamkia, akasubiri.

"Tuanze na mafuta," Mkurugenzi akasema. "Mengine baadaye."

Mama Nanzia akakinga dumu kwenye bomba la lori, akalibeba mwenyewe hadi kwenye pampu. Kama pua ya pampu ingekataa, kila kitu kilikuwa bure, safari, wizi, kazi ya binti yake na vitunguu vya kijiji. Akalisogeza dumu.

Pampu ikanusa kwa muda mrefu.

"Yananuka ndizi," ikasema.

Watu wakaguna.

"Lakini hayanichomi. Hayana kiamshi. Mmeyapata wapi?"

"Tumeiba Marangu," Nakundwa akasema kwa sauti.

"Usiku?"

"Mchana kweupe."

"Wenyewe walifanyaje?"

"Walipiga kelele. Wakatuimbia wimbo mbaya sana."

"Aa," pampu ikasema, na sauti yake ikatulia. "Hao watani. Haya, lete."

Ikanywa. Ikakohoa mara moja, ikanguruma, na bomba la maji likajaa likakaza. Maji yakatoka ya tope kwanza, yakaja safi, yakakimbia mferejini na kuingia kwenye matuta. Weee! Watu wazima waliruka. Mzee mmoja alivua viatu akasimama katikati ya mfereji na suruali yake. Nakundwa alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja wala hakujali nani anamwona.

Mkurugenzi alitembea kuizunguka pampu, kipima hewa mbele yake. Alizunguka tena. Kioo kilibaki kijani.

"Hewa ni safi," akasema hatimaye. "Na wewe umevunja sheria mbele yangu, kwenye simu, na mlima nyuma yako."

"Ndiyo, Mkurugenzi."

"Natakiwa nizifute pua zote. Nitoe huo utani wenu, zibaki na kanuni tupu."

"Ukiutoa, zitabaki na kanuni iliyotaka kutuletea ukungu," Nakundwa akasema. "Mimi nifukuze, nimekosa. Ila Pua Kuu iliniambia nichukue kinachonifaa tu, mbele ya watu, na nisifunge mlango wao wakija. Hebu niambie, Mkurugenzi, kifungu gani chetu kinasema vizuri hivyo?"

Mkurugenzi alikuwa anayatazama maji. Kisha, kabla mtu hajajua kinachotokea, Mama Nanzia alisogea kwa nyuma, akanyoosha mkono wake mfupi, akaichomoa ile kofia ya mkeka, akaivaa.

Wakulima wakarudi nyuma hatua moja.

"Mama!" Nakundwa akasema.

"Jua kali," Mama Nanzia akasema, akiirekebisha kofia. "Wewe baba ni kabila gani?"

"Mhaya," Mkurugenzi akajibu, mkono bado juu ya kichwa kilichobaki wazi.

"Wahaya hatuna utani nao."

"Hatuna," Mkurugenzi akakubali.

"Basi tunauanza leo. Kofia nimekwisha ichukua."

Mkurugenzi Rweyongeza alimtazama mwanamke yule, akaitazama kofia yake, ambayo kusema kweli ilimpendeza zaidi Mama Nanzia. Mdomo wake ulicheza kidogo pembeni. Alikunja miguu ya suruali, pole pole, pindo baada ya pindo, akavuka mfereji na viatu vyake vya ofisini, akaingia tutani. Akainama. Bila kuuliza mtu, akang'oa kitunguu kimoja, kikubwa, chekundu, akakikung'uta udongo na kukitia mfukoni mwa koti.

"Mwizi!" akapiga kelele Mama Nanzia, na sauti yake ikavuka hadi ng'ambo ya mto. "Wahaya wanatuibia! Jamani njooni muone!"

Vigelegele vikapasuka. Pampu ilikuwa inacheka pamoja na watu, ikinywa huku inacheka. Nakundwa alivuta pumzi ndefu, ikaingia yote hadi chini bila filimbi, akaitoa kwa kupiga kelele na yeye.

"Mwizi! Mkamateni!"

Mkurugenzi aling'oa kitunguu cha pili.